Mlango Alioondoka Nao Bakhtzamina

Nyumba ya Bakhtzamina haina mlango. Kuta zipo, paa la udongo lipo ingawa limeanza kuota nyasi, hata ndoano ya taa bado inaning'inia barazani. Ila pale palipokuwa na mlango pana uwazi mtupu, wa urefu wa mtu, mweusi mchana na mweusi zaidi jioni. Mbuzi huingia na kutoka wapendavyo. Wanawake wanaopanda kutoka chemchemini na ndoo kichwani wakifika pale hunyamaza, wote, hata aliyekuwa katikati ya kicheko, na hawafungui tena midomo mpaka wameipita kona ya mti wa jozi. Hakuna aliyewaamuru. Ni vigumu tu kusema neno mbele ya nyumba ambayo huwezi kuipigia hodi.

Watu wengi wamehama kijiji chetu cha Barkas. Anayehama hutia komeo, humwachia shemeji ufunguo, na kila mtu hujua kuwa siku moja atarudi, walau akiwa ndani ya jeneza. Bakhtzamina aliung'oa mlango na bawaba zake.

Ulikuwa mlango wa mwerezi, mzito, wenye nyota zilizochongwa na babu wa mumewe. Aliupita mara ya kwanza akiwa bibi arusi, uso umefunikwa, asione chochote ila kizingiti na ncha za viatu vyake vipya. Harufu ya ule mti ndiyo iliyomkaribisha kabla ya mtu yeyote. Na kwa mlango huohuo Umarzeb, mumewe, alitoka kila mwaka baada ya ngano kuvunwa, kwenda kwenye migodi ya makaa ya mawe kule Balochistan, kama walivyotoka wanaume wote wa Barkas. Mashamba yetu ya Shangla yamekatwa ngazi ngazi juu ya mlima. Hulisha nyumba mpaka katikati ya baridi, halafu huchoka. Kinachobaki ni shimo la mtu mwingine, mbali, ambako mwanamume hushuka akiwa mweupe na kupanda akiwa mweusi.

Umarzeb hakuwa mtu wa kusimuliwa. Mpole, mwenye mabega yaliyoinama, msikilizaji. Anasa yake ilikuwa moja: kopo dogo la ugoro, lenye kioo juu ya kifuniko. Aliubana ugoro chini ya mdomo tangu alfajiri mpaka anapolala, na sigara alizichukia, akisema moshi humfanya mtu asisikie ladha ya ugoro wala ya chai.

"Jitazame kwenye hicho kioo," Bakhtzamina alikuwa akimwambia. "Meno kama mawe ya jikoni."

"Si nimeshaoa?" Umarzeb alimjibu. "Meno meupe nimwonyeshe nani tena?"

Mwaka ule mgodi ulilipuka. Wanaume tisa wa Barkas walirudishwa kwa magari ya wagonjwa yaliyopanda mlima polepole, taa zikizunguka bila king'ora, na watoto wakayakimbilia kwa sababu hawakuwahi kuona magari mengi namna ile kwa mpigo. Pamoja na maiti alikuja karani wa Malik Sohbat, mkandarasi wa mgodi. Alisimama makaburini, koti lake safi, akapokea pole kana kwamba na yeye amefiwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeficha jambo lakini anataka lisikike, kwamba ni mapenzi ya Mungu, ingawa kuna mmoja aliyewasha sigara humo chini penye gesi. Kiberiti, alisema, kilikutwa kwenye mfuko wa Umarzeb.

Kabla ya giza kuingia, kila jiko la Barkas lilikuwa limepikia neno hilo.

Bakhtzamina alikuwa amepewa vitu vya mumewe ndani ya mfuko wa plastiki. Aliumwaga juu ya mkeka. Kopo la ugoro lilikuwamo, kioo kimepasuka. Kiberiti hakikuwamo. Alikwenda nyumba kwa nyumba na kopo lile mkononi, bado yumo katika eda, jambo ambalo peke yake lilitosha kumfanya asemwe.

"Mlimjua," alisema. "Nani kati yenu amewahi kumwona na sigara? Mmoja tu aseme."

Walitazama chini. Tajmira, ambaye mwanawe wa mwisho alikuwa mdogo kuliko wote waliokufa, ndiye pekee aliyemjibu. "Mwanangu amerudi bila uso," alisema. "Wewe umeniletea kopo."

Nimelifikiria sana jambo hili. Watu wale hawakuwa wajinga. Walijua Umarzeb alivyokuwa. Lakini Malik Sohbat alikuwa mbali, na mkono wa mfiwa haumfikii aliye mbali. Jirani humfikia hata kwa kiwiko. Na lingine lilikuwapo, lisilosemwa: ngano ya mwaka ule nayo ingekwisha katikati ya baridi, na ni Malik Sohbat ambaye angewachukua wadogo wa marehemu kuziba nafasi za marehemu. Kumlaumu yeye ni kufunga njia ya chakula. Kumlaumu Umarzeb hakukumgharimu mtu chochote, isipokuwa mjane mmoja na binti yake. Wakuu wa zile nyumba nane wakabonyeza vidole gumba kwenye karatasi ya karani, kwamba ajali ilitokana na uzembe wa mchimbaji na kwamba hawana dai. Mkandarasi akawalipia sanda.

Bakhtzamina hakubonyeza. Shemeji yake, Sherzamin, alimletea karatasi hadi jikoni.

"Bonyeza, shemeji. Limeshapita."

"Limempita nani?"

"Utatuaibisha."

"Mmeshaaibika. Mmemzika ndugu yenu mara mbili, mara ya pili bila sala."

Sherzamin hakukanyaga tena pale kwa hiari yake. Na hapo ndipo ilipoanza miaka ile ya jiwe.

Chemchemi ya Barkas ina ukingo wa saruji ambapo wanawake hupanga ndoo kwa zamu. Siku moja ndoo ya Bakhtzamina ilikutwa imeondolewa kwenye mstari na kuwekwa juu ya jiwe, pembeni, karibu na mahali wanaponyweshea punda. Aliirudisha. Kesho yake ikawa juu ya jiwe tena. Siku ya tatu hakuirudisha, na tangu hapo pakawa mahali pake. Aliteka maji wa mwisho, baada ya punda. Hakuna aliyemtukana waziwazi. Waliongea wao kwa wao.

"Jiko langu lilizimika jana, nikakosa moto."

"Si ungemwomba Mama Kiberiti?"

"Aa, yule hagawi. Alimpa mumewe chote."

Walicheka kidogo, wakiangalia maji. Binti yake, Spogmai, shuleni aliitwa Binti Kiberiti. Wasichana walimkaribia, wakatikisa visanduku vya viberiti karibu na sikio lake, wakakimbia wakiziba masikio kana kwamba atalipuka. Alikuwa mtoto mwenye kumbukumbu kali, na kumbukumbu kali ni mzigo katika kijiji kidogo. Jioni alimtajia mama yake majina, mmoja baada ya mwingine, bila kulia. Bakhtzamina alisikiliza huku akikanda unga. Hakuwahi kumwambia wasamehe. Wala hakumwambia wachukie. Alimwambia kaza macho kwenye vitabu, siku moja tutaondoka.

Lakini kwanza alitaka jambo moja, na kwa ajili yake aliuza ng'ombe na kwenda mjini Mingora kumtafuta wakili. Alitaka hakimu atamke kwa mdomo wake ni nini kilichowaua wale watu. Wakili, aliyeitwa Farhad, kijana mwenye mafua yasiyokwisha, alimweleza kwamba sheria ina fidia kwa anayeumia au kufa kazini, ila mwajiri akithibitisha kwamba mfanyakazi mwenyewe alivunja kanuni kwa makusudi, dai linaweza kuanguka.

"Kwa hiyo ile sigara si maneno ya msibani tu," wakili alisema. "Ile sigara ndiyo utetezi wake wote."

"Hakuvuta sigara."

"Najua, mama. Nani atasema?"

Hakukuwa na wa kusema. Walionusurika walikuwa bado wanashuka mashimo ya Malik Sohbat. Wakili alifungua kesi kule Quetta, upande wa migodi, kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, karani wa mkandarasi akija na udhuru mmoja baada ya mwingine. "Bila shahidi," Farhad alisema akipenga kamasi, "tunatwanga maji kwenye kinu." Bakhtzamina akamwambia atwange tu. Alisafiri kwenda kila kesi ilipotajwa, basi la usiku na mchana, akaketi nyuma ya chumba cha mahakama na kopo la ugoro ndani ya shali yake, akarudi, akaweka ndoo yake juu ya jiwe.

Lakini maji yale ya kwenye kinu yalimrukia mtu usoni. Madhali kesi ilikuwa wazi, Malik Sohbat hakuweza kupata kibali cha kuchimba upya shimo lile. Alituma karani kwa Bakhtzamina, karani akarudi hajafunguliwa. Alimtuma Sherzamin, naye hivyo hivyo. Basi akaamua kutumia kitu ambacho hakijapata kukataliwa katika milima hii.

Kwetu aliyekosa akifika mlangoni kwa aliyemkosea, na kondoo, na wazee, akamchinja yule kondoo kizingitini, amekwisha kuingia chini ya himaya ya nyumba ile. Hata akiwa amekuua baba. Humfukuzi, unampokea, na ugomvi umekufa. Tunaiita nanawate. Wanaume wazito wamejidhalilisha kwayo, na wanyonge wamelazimika kuwapokea, na mara nyingi ni vigumu kujua ni nani kati yao aliyeonewa.

Malik Sohbat alikuja asubuhi, mtu mnene, aliyefunga kilemba kipya. Nyuma yake walikuja wazee wa Barkas, wakiongozwa na Mzee Amirsaid, ambaye neno lake lilimaliza magomvi ya mipaka hadi bonde la pili. Kondoo dume alivutwa kwa kamba, pembe zake zimepakwa hina. Wanawake walijaa mapaani. Tajmira alikuwa mbele yao, mikono kiunoni.

Mlango ulikuwa umefungwa. Bakhtzamina alikuwa nyuma yake, kipaji cha uso kikigusa mbao. Spogmai alimshika pindo la shali. Hapakuwa na mwanamume ndani wa kutoka kujibu, kwa hiyo alijibu mwenyewe, mlango ukiwa kati.

"Nani?"

"Ni sisi, binti yangu," Mzee Amirsaid alisema. "Malik Sohbat amekuja mlangoni kwako. Amekuja kwa mila za baba zetu."

"Amekuja na nini?"

"Na kondoo."

"Nasikia harufu yake. Huyo kondoo ni wa nini?"

Watu wakatazamana. Swali hilo haliulizwi. Malik Sohbat akasogea, akaweka kiganja juu ya zile nyota zilizochongwa. "Dada yangu," alisema, sauti laini, "mimi ni mgeni wako. Nimejishusha. Yaliyopita tuyazike. Fungua nimchinje huyu, kisha ile kesi uifute, tuwe ndugu."

"Hujanijibu, Malik. Mtu haleti kondoo kwa asiyemkosea. Karani wako alisimama makaburini akasema mume wangu ameuchoma mgodi wako. Kama ni kweli, hasara ni yako, na mimi ndiye ninayepaswa kuja kwako na kondoo. Na kwa nyumba nane zilizofiwa ningepaswa kuleta wengine wanane. Sasa wewe umekuja kwangu. Umenikosea nini?"

Kondoo alikohoa.

Malik Sohbat alicheka kidogo, akawageukia wazee. "Wanawake," alisema.

Mzee Amirsaid hakucheka. Alikuwa mtu wa mila kuliko alivyokuwa mtu wa Malik Sohbat, na jambo hilo mkandarasi alikuwa hajalipima. "Ameuliza sawa," mzee alisema. "Tumekuja kukusindikiza katika kosa. Hatukukuuliza kosa gani, tulidhani unalijua. Litaje, tumalize."

"Makosa ni mengi duniani, mzee."

"Lako moja linatosha."

"Mimi sina kosa. Nimekuja kwa huruma."

"Mwenye huruma huja na unga," sauti ya Bakhtzamina ilisema. "Mwondoe basi kondoo wako, Malik. Umempotezea njia."

Mtu mmoja paani alicheka, kicheko kifupi, kikazimwa. Malik Sohbat akawa mwekundu shingoni. Alikuwa amezoea kuomba kwa namna ya kuamuru, na sasa alikuwa amesimama mbele ya kijiji kizima akizungumza na ubao.

"Unanichezea, mwanamke. Mimi nimelisha watu hawa. Kosa, kosa! Feni ilizimwa asubuhi ile tu. Asubuhi moja. Kila mgodi huzima feni dizeli ikichelewa, si mimi peke yangu, muulize yeyote, mbona hawalipuki?"

Alipomaliza alibaki mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Bila feni gesi hujaa shimoni kama maji kwenye mtungi. Kila mwanamume wa Barkas anajua hilo, na wengi wa wale wazee walikuwa na mapafu ya kuwakumbusha. Kwa gesi ile haihitajiki sigara. Cheche ya sururu inatosha.

Tajmira aliketi chini palepale paani.

"Feni ilikuwa imezimwa," Mzee Amirsaid alisema taratibu. "Na ukawashusha."

"Mzee, nilichosema ni..."

"Umeshasema. Tumesikia tulioletwa na wewe." Kisha akaugeukia mlango. "Binti yangu. Amelitaja. Sasa mila inakutaka umpokee."

"Simpokei."

"Haijapata kutokea."

"Wala haijapata kutokea ndoo ya mjane kuwekwa na punda. Ilitokea, nanyi mlipita pale kwenda msikitini. Mila ilikuwa wapi, mzee? Ilikuwa safarini?"

Hakufungua. Walisimama mpaka jua lilipowachoma, wakaondoka. Kondoo alirudi alikotoka akiwa na pembe zake nyekundu, na watoto wakamfuata wakimpigia mbinja.

Anayesindikiza kondoo hawezi kuyakana yaliyosemwa mlangoni. Akiyakana, hatasindikiza tena chochote maishani. Kwa hiyo Malik Sohbat alikuwa amempandishia Bakhtzamina mashahidi mlimani kwa gari lake mwenyewe. Mzee Amirsaid na wenzake wawili walikwenda Quetta wakasema walichosikia. Hakimu alisoma hukumu kwa sauti ya kuchoka, macho kwenye karatasi: feni ilizimwa, gesi haikupimwa, wachimbaji walishushwa, dai la sigara halina ushahidi wowote. Bakhtzamina alimwomba wakili amwombe hakimu arudie jina la mumewe. Hakimu alilirudia, bila kujua kwa nini.

Bakhtzamina alirudi Barkas akakuta ndoo yake, aliyoiacha juu ya jiwe, imewekwa ya kwanza kwenye ukingo wa saruji. Aliichukua akaiweka juu ya jiwe, akasubiri wote wateke, na punda wanywe. Wanawake waliondoka mmoja mmoja, maji yakimwagika. Tajmira alibaki. Alikuwa ameleta bakuli la mtindi lililofunikwa kwa jani.

"Pokea."

"Nina mtindi."

"Bakhtzamina. Nilikuwa na uchungu wa mwanangu."

"Na mimi nilikuwa na uchungu wa nani? Wa punda?"

"Walituambia."

"Walikuambia na ukajua ni uongo. Ulimjua Umarzeb. Alimbeba mwanao begani mwaka ule wa mafuriko. Ulijua, Tajmira, ukaona heri nilaumiwe mimi."

Tajmira hakukana. Alisema kwa sauti ya chini, "Ijumaa tunakuja. Nyumba zote nane. Kila nyumba na kondoo wake. Utatufungia na sisi?"

Bakhtzamina alijitwika ndoo, akaondoka. Njia nzima alikuwa akipiga hesabu ambayo si ya fedha. Malik Sohbat alikuwa adui, na adui hufungiwa. Hawa walikuwa majirani, watu ambao makaburi yao yamepakana na kaburi la mumewe. Wangechinja kizingitini, wangesimama na watoto wao, na mkono wake mwenyewe, uliolelewa katika mila ileile, ungevuta komeo. Alijijua. Angewapokea, kisha angeishi miaka iliyobaki akicheka nao chemchemini, na lile jiwe lingekuwa jiwe tu. Kila kitu ndani yake kilikataa jambo hilo. Msamaha wanaokulazimisha kuutoa, aliona, ni karatasi nyingine ya kubonyeza kidole.

Jumatano alimwita seremala kutoka kijiji cha bondeni, asiyemjua mtu. Aliondoa mlango, bawaba, komeo na pete ya kugongea. Waliupakia kwenye pikapu kwanza, kisha magodoro na masufuria juu yake. Spogmai aliketi mbele. Sherzamin alitoka nje ya uzio wake akatazama, akajikuna ndevu.

Ijumaa walikuja baada ya sala, kama walivyosema, wanaume mbele, wanawake nyuma, kondoo wanane wakilia. Walifika mbele ya uwazi ule wakasimama. Kondoo mmoja alijivuta kwenye kamba, akaingia moja kwa moja, wakasikia kwato zake zikizunguka katika vyumba vitupu.

"Gongeni," mtu wa nyuma alisema, ambaye hakuwa ameona.

"Tugonge nini?" akajibiwa.

Mzee Amirsaid aliangalia mashimo ya bawaba ukutani kwa muda mrefu. Akawaambia wawarudishe kondoo nyumbani, na wasiwachinje, kwa sababu hakuna aliyejua nyama ile ingekuwa ya nini.

Bakhtzamina anaishi Mingora, nyuma ya soko la mbao, chumba cha juu, pamoja na Spogmai ambaye sasa anafundisha shule ya msingi. Anashona magodoro. Mlango wa mwerezi haukuenea kwenye fremu ya chumba kile. Umeegemezwa ukutani penye ngazi.